Shikamoo Iliyonichubua Uso

Mwanamke aliyenipa shikamoo ile alikuwa amenizidi umri. Nililijua hilo tangu alipovuka kizingiti, kwa jinsi alivyoshika kiuno kabla ya kuketi, na kwa mvi zilizochungulia chini ya kilemba chake. Alikuwa shangazi wa kijana aliyetaka kumwoa mdogo wangu. Alikuwa ametumwa kutoka Olmotonyi aje aitazame nyumba yetu kabla wazee wao hawajafika rasmi. Nilitoka jikoni nikifuta mikono kwenye khanga. Akainuka nusu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mama."

Nikaitikia, "Marahaba."

Ilinitoka yenyewe, kama mguu unavyoteleza kwenye tope kabla mtu hajajua ameteleza. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la vikombe. Akasema haraka, "Shangazi, huyu ni dada yangu."

"Dada?" Shangazi akanitazama upya, toka juu hadi chini. "Dada wa tumbo moja?"

"Ndiyo. Wazazi walishafariki. Huyu ndiye aliyetulea."

"Haa! Nisamehe mwenzangu," akasema, akajipiga paja, akacheka. "Nimedhani ndiye aliyewazaa. Basi shikamoo yangu uirudishe."

Wote tukacheka, na mimi nikacheka. Nikamwamkia inavyostahili, naye akaitika kwa sauti kubwa ili jambo liishe. Halikuisha. Nilirudi jikoni, nikainama juu ya sufuria ya maji iliyokuwa bado haijachemka, nikajitazama mle ndani. Nilikuwa sijatimiza miaka thelathini.

Niliacha shule darasa la sita. Baba yetu alikuwa kwenye lori la kahawa lililoacha njia, na mama, ambaye hata kabla ya hapo alikuwa na kifua, hakumaliza mwaka baada yake. Tulibaki watatu. Mdogo wangu wa kiume sasa ni fundi gereji Moshi. Huyu wa mwisho, wa kike, alikuwa bado anapangusiwa makamasi. Baba mdogo, ndugu wa baba yetu, alisema tugawanywe, mmoja huku mmoja kule. Mimi nikasema hatugawanyiki. Sikuwa na hoja yoyote. Nilisimama tu mlangoni nikiwa nimewashika mikono, mpaka watu wa matanga wakachoka kunisihi wakaenda kulala.

Toka hapo kazi yangu ikawa ndizi. Nilinunua mikungu huku juu, mlimani, nikaishusha Tengeru siku za soko. Muuza ndizi hana kibanda, anapanga mikungu chini, anaketi kwenye gunia, na jua linamkuta pale pale. Mikono inashika utomvu ambao hautoki kwa sabuni, na ukijisahau ukajifuta jasho, utomvu unahamia usoni. Mashavuni mwangu yakaingia madoa meusi, upande huu na upande huu, kama mtu aliyeshikwa uso na mikono michafu akaachiwa. Chini ya macho ngozi ikawa kama ganda la kiazi. Sikuwahi kulifikiria hilo sana. Nilikuwa na mambo mengine ya kufikiria, na kioo chetu kilikuwa kipande tu, cha kumtosha mtoto mmoja kuchania nywele.

Sasa nikaanza kulifikiria kila siku. Mdogo wangu amemaliza chuo, ameajiriwa shamba la maua, anavaa viatu vya kisigino, anachumbiwa. Kazi niliyoitaka imefanyika. Na mtu wa kwanza kuja kuitazama ameona kizee. Niliwaza siku ya wazee wenyewe. Wataingia, mmoja mmoja ataniinamia na shikamoo yake, na mdogo wangu atasimama na sinia akieleza tena, "Huyu ni dada," nao watacheka tena. Mbaya zaidi, wasipocheka.

Ilikuwa miaka ambayo maduka yalikuwa yamejaa. Tuliokua tukipanga foleni ya sabuni ya kipande kwenye duka la ushirika tuliona ghafla vitu ambavyo hatukuwa na majina yake. Mitumba ilimwagwa barabarani. Redio, viatu vya raba, mafuta ya kujipaka ya kila rangi. Wanawake niliosoma nao walikuwa wameng'aa nyuso, vidole vikabaki vyeusi, na sokoni tulikuwa na maneno yetu juu yao, uso wa soda ya machungwa, mkono wa soda nyeusi. Mimi pia niliwacheka. Naliandika hili kwa sababu kucheka kule kulinirudia.

Mwenzangu wa sokoni, muuza nyanya, ndiye aliyeniambia kuhusu saluni moja Kaloleni. "Hii si ya kujipaka kila siku ukachujuka," alisema. "Unapakwa mara moja. Ngozi ya zamani yote inatoka, unabaki na ya chini, mpya. Madoa yanaondoka na gamba lake."

"Kama nyoka," nikasema.

"Nyoka anazeeka? Umewahi kuona nyoka mzee?"

Nikaenda. Saluni ilikuwa chumba cha kupanga, mlango wake ukiwa pazia la kitenge, kwenye uchochoro ambako kelele za uwanja wa mpira zilifika. Ndani mlinuka nywele zilizoungua. Mwenye saluni alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti laini, aliyesema amejifunzia kazi Nairobi. Alinishika kidevu, akanigeuza upande mmoja, akanigeuza upande wa pili, akaguna kama mtu anayepima maparachichi.

"Umejitupa, dada yangu."

"Ni jua."

"Jua ni la wote. Una shughuli?"

"Mdogo wangu anaolewa. Wakwe wanakuja."

"Lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa. "Inatosha, kwa shida. Watakukuta umeshatakata. Ila nikikwambia usifanye kitu, usifanye."

Alinifuta uso kwa spiriti mpaka pamba ikawa kahawia. Nilitazama pamba ile nikaona aibu, kana kwamba nimekuja bila kunawa. Kisha akatoa chupa ya soda iliyozibwa kwa karatasi ya nailoni. Nilipouliza ni dawa gani akasema, "Ni dawa." Akanipaka kwa kijiti chenye pamba, kuanzia paji la uso. Kwanza nilihisi baridi. Halafu pilipili. Halafu ukawa moto kabisa, moto wa kutafuta mlango.

"Inaunguza!"

"Ukiona moto ujue inafanya kazi. Mpepee huyu," akamwambia msichana aliyekuwa akisukwa, naye akanipepea kwa kipande cha boksi huku akinitazama kama mtu atazamavyo ng'ombe anayezaa.

Walinipa kioo. Uso wangu ulikuwa umeota weupe, kama jani lililoangukiwa na umande wa asubuhi, weupe wa chumvi. Mwenye saluni akanimwagia maji, akanipaka mafuta mazito, akanifunga khanga mwenyewe, kichwa na mashavu. "Sasa nisikilize. Wiki mbili usipigwe na jua. Jua ni adui. Na ngozi ikianza kutoka, usiivute. Iache ianguke yenyewe."

"Nimeelewa."

Nilikuwa nimeelewa maneno. Lakini ilikuwa Julai. Mtu wa Meru anajua Julai yetu ilivyo. Mlima unafunikwa, hauuoni siku nyingi mfululizo, ukungu unashuka hadi kwenye migomba, watu wanavaa masweta na makoti ya mitumba, na mtu akisema "leo kuna jua" anatoka nje kuliangalia. Nilitazama juu nikaona kijivu. Hakuna jua. Siku ya soko ilipofika nikashusha ndizi zangu Tengeru, nikakaa kwenye gunia langu kutwa, uso juu, nikimshukuru Mungu kwa wingu. Jioni nikainama kwenye mafiga nikipuliza kuni mbichi. Hakuna aliyeniambia kwamba jua linapita ndani ya wingu. Kwetu jua lisiloonekana halipo.

Usiku ule uso ulianza kukaza, kama matope yanavyokauka kwenye mguu. Asubuhi nilishindwa kufungua kinywa vizuri. Kesho yake ngozi ikapasuka kando ya pua, ikajikunja ncha, rangi ya chai. Chini yake palikuwa na kitu cheupe na chekundu, na nilipoona kile cheupe nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nikasema kumbe ni kweli.

Na mimi maisha yangu yote nimemenya ndizi. Kwetu ndizi mbichi haimenywi kwa subira, unaingiza kisu kwenye mshono, unanyanyua, unavuta. Vidole vyangu vikajua la kufanya kabla sijaviruhusu. Nikashika ile ncha, nikavuta. Ikaja, ikaja vizuri, ikafika katikati ya shavu, pale ambapo ilikuwa haijawa tayari kuachana na nyama, na sikusimama.

Mdogo wangu alinikuta nimeshika kipande cha shavu langu. Alikuwa amerudi kutoka kazini, bado na pochi begani. Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale mlangoni, na viatu vyake vizuri.

"Dada, umefanya nini?"

"Ni dawa. Inatoa madoa."

"Madoa gani?"

Ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kuyaona. Aliyaona kama mtu anavyoona mlango wa kwao, bila kuutazama.

Niliuguza uso ule kwa maji ya chumvi na kwa kukaa ndani. Shavu la kulia likawa kidonda, likafanya gamba jeusi kuliko doa lililokuwepo mwanzo. La kushoto likabaki limepauka, wekundu wa nyanya inayoanza kuiva. Katikati ya macho ngozi ya zamani ilikataa kutoka. Nilikuwa na nyuso tatu. Nikajaribu soko mara moja, nimejitanda khanga mpaka puani, nikadhani nimejificha. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akainama akachungulia.

"Mama Ndizi! Leo umeamua kujimenya mwenyewe?"

Soko lote upande ule likacheka. Hilo lilikuwa la mzaha, ningeweza kulibeba. Nisiloweza lilikuwa la mwanamke aliyekaa nyuma yangu, ambaye hakucheka. Alimwambia jirani yake kwa sauti ya chini, kwa Kimeru, ambacho alijua ninakisikia, "Yule naye. Umeona uso? Ndivyo unavyoanza." Na akavuta mafungu yake ya karoti mbali kidogo na ndizi zangu.

Aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa kilichoanza. Ugonjwa ule haukutajwa jina. Ulitajwa kwa nywele kunyonyoka, kwa kukonda, kwa madoa usoni. Nyumba iliyonyooshewa kidole haikuchumbiwa tena. Hapo ndipo nilipoacha kulia kwa ajili ya uso wangu nikaanza kuogopa kwa ajili ya mdogo wangu. Wazee wa Olmotonyi walikuwa wanakuja Jumamosi. Wakiniona, wataona nini?

Baba mdogo alikuja kupanga mambo. Ndiye angesema mbele ya wakwe kama baba. Alinitazama, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna, baba mdogo. Ni dawa ya uso."

"Dawa ya uso," akarudia polepole. "Uso ulikuwa unaumwa?"

Mdogo wangu alitaka kucheka, akajizuia. Baba mdogo akakaa, akasema bila ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali, "Mwanangu, Jumamosi wewe ukae jikoni. Mke wangu ataketi kwenye kiti cha mama. Wakikuulizia, umesafiri."

Nikasema, "Ndiyo, baba mdogo." Mimi ambaye niliwahi kusimama mlangoni nikakataa. Nilisema ndiyo upesi, kwa shukrani.

Jumamosi ilifika na ukungu wake. Walikuja watu saba au wanane, wazee wenye fimbo na mashuka juu ya makoti, shangazi yule, na nyanya wa kijana, mwanamke mrefu mkavu mwenye masikio yaliyotobolewa yakaning'inia, aliyeletwa kwa gari la kuazima. Niliwaona kwa upenyo wa mbao za jikoni. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho mto wake niliushona mwenyewe. Baba mdogo alisali sala ndefu ya Kilutheri. Wakanywa maziwa. Maneno yakaenda, yakarudi, wazee wakataniana kuhusu nani ana migomba na nani ana ng'ombe, na kutoka jikoni ilisikika kama shughuli njema ya watu wengine.

Shangazi aliniharibia. Aliinuka kutafuta mahali pa kunawia mikono, akafuata moshi, akasukuma mlango wa jikoni. Nilikuwa naepua sufuria. Tulitazamana. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Mwenzangu! Kumbe upo? Si wamesema umesafiri?"

Akarudi sebuleni bila kunawa. Nikasikia sauti zikishuka, zikihamia kwenye Kimaasai, ambacho sikijui. Kisha sauti ya nyanya, kavu, ya Kiswahili cha kujifunza ukubwani.

"Mimi nimekuja na mafuta. Hii mafuta ya kondoo ni ya yeyo ya mtoto. Yeyo ni nani hapa?"

Arusha nzima tunalijua neno hilo, hata tusiojua jingine. Yeyo ni mama. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba katika ukoo wao mkongwe wa kike hupaka mafuta usoni mwa mama wa binti, na akishapaka hakuna wa kuvunja. Asipopaka, wamekunywa tu maziwa.

"Ni mimi, mama," akasema mama mdogo. Kiti kikalia.

"Wewe umelea huyu?"

"Mimi ni mke wa baba yake mdogo."

"Nauliza aliyelea."

Nilimwona mdogo wangu kwa ule upenyo. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na kitenge chake kipya. Alikuwa anatazama mbao za jikoni, pale pale nilipokuwa.

"Ni dada yangu," akasema. "Yuko jikoni. Anaumwa. Aliungua uso. Jiko la mafuta ya taa lililipuka."

"Jiko la mafuta?" Sauti ya shangazi. "Mimi nimetoka huko sasa hivi, nimeona mafiga."

Mtu alikohoa. Nilijua wanachowaza, kwa sababu hata mimi ningewaza hivyo hivyo: kama ni moto, kwa nini wafiche? Mdogo wangu, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya, alikuwa amedanganya kwa ajili yangu mbele ya wakwe, tena amedanganya vibaya. Uongo wake ulikuwa unaivunja ndoa yake mwenyewe.

Nikafungua khanga usoni, nikajifunga kiunoni kama ninavyoifunga siku zote. Nikatoka.

Sitaweza kueleza vizuri kutembea kule. Kutoka jikoni mpaka sebuleni kwetu ni hatua chache. Kulikuwa na ng'ombe anayelia nje. Wazee wawili walitazama chini, kwa heshima. Hiyo iliniumiza kuliko wangenitazama. Nikapiga magoti mbele ya nyanya.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. Akanishika kidevu, kama alivyofanya yule wa Kaloleni, lakini vidole vyake vilikuwa kama magome. "Hii uso imefanya nini?"

"Hakuna jiko lililolipuka, bibi. Mdogo wangu amenisitiri tu. Wala siumwi. Nimejichubua mwenyewe. Nilikwenda mjini nikapakwa dawa ya kutoa ngozi."

Mmoja wa wazee akamtafsiria. Akauliza tena, kana kwamba tafsiri imekosewa. Akatafsiriwa tena.

"Umejichuna?"

"Ndiyo."

"Kwetu mbuzi anachunwa akishakufa," akasema nyanya. "Wewe umeanza mapema."

Kicheko kilipasuka, cha wazee, cha shangazi, hata cha baba mdogo, ambaye alijaribu kukigeuza kuwa kikohozi. Niliinama. Machozi ya mtu mwenye kidonda shavuni yanachoma, ndiyo maana nakumbuka kwamba nililia. Lakini katikati ya kicheko kile nilisikia kitu kimelegea ndani ya chumba. Mtu hachekwi namna ile akidhaniwa ana ule ugonjwa. Mwanamke mpumbavu huchekwa. Nilikuwa nimeshushwa nikawa mpumbavu, na palikuwa mahali salama pa kushukia.

Nyanya hakucheka. Alingoja watu wanyamaze. "Kwa nini ulijichuna?"

Ningeweza kusema ni urembo. Shangazi alikuwa ameketi pale pale, bado anajifuta macho kwa kucheka. Nilimtazama.

"Huyu alikuja akaniamkia. Akaniita mama. Niliona haya, bibi. Mimi si mzee. Sikuzaa."

Shangazi akaacha kucheka. "Jamani," akasema taratibu. "Ni mimi?"

Nyanya akatoa kibuyu kidogo ndani ya shuka, kimefungwa kwa kipande cha ngozi. Hakukifungua. Alikiweka juu ya goti.

"Mimi mafuta yangu ni moja," akasema. "Sina ya dada. Nauliza tena, kwa sababu nimezeeka na nimeletwa na gari. Yeyo ya huyu mtoto ni nani?"

Mama mdogo alishaondoka kwenye kiti. Sikumwona akiondoka. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kando yangu, bega lake limegusa langu, na kitenge chake kipya kimeburuza kwenye sakafu ya udongo niliyoisiriba asubuhi. Nilikuwa nimetoa ngozi ya uso wangu ili nisiitwe neno lile, na sasa nilikuwa natakiwa nilitamke mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya watu, kwa uso ule.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye mama yake."

Akafungua kibuyu. Mafuta ya kondoo yaliyokaa yana harufu ambayo haina mfano mzuri. Aliyachota kwa vidole viwili, akayapaka kwanza kwenye paji, halafu shavu la kushoto, halafu juu ya kidonda chenyewe, bila kukikwepa na bila kukionea huruma. Yalichoma, halafu yakaacha kuchoma. Akaniwekea kiganja juu ya kichwa, kama wao wanavyowaamkia watoto wao. Tangu siku ya mazishi ya mama hakuna mkono wa mtu mzima uliokuwa umenigusa kichwani. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, mimi ndiye niliyegusa vichwa vya wengine. Niliona haya kwa jinsi nilivyotaka asiuondoe.

"Marahaba," akasema nyanya, akijibu sasa shikamoo ya mwanzo. Akajifuta vidole kwenye shuka. "Chakula iko wapi?"

Mdogo wangu aliolewa baada ya mavuno. Jina likanifuata Olmotonyi. Mpaka leo watoto wa ukoo ule wananiita Yeyo Aliyejichuna, na wakubwa wao wanawakemea huku wakitabasamu. Shavu la kulia halikurudi. Pana kiraka cheusi, kipana kuliko doa nililokwenda kulitoa, na Julai ikifika na ukungu wake najifunika khanga hata kama hakuna jua. Saluni ile sikuirudia. Nilimwona mwenye saluni mara moja mjini, akaniangalia kidogo akapita. Sidhani alinitambua.

Jioni ile ya Jumamosi, wageni walipoondoka, tulikuwa jikoni tukiosha vyombo. Uso wangu ulikuwa unang'aa kwa mafuta na unanuka zizi, na nilikuwa nimekatazwa kunawa mpaka asubuhi. Mdogo wangu alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Hakuwa ameniangalia tangu wageni waondoke, wala mimi sikuwa nimemwangalia.

"Jiko la mafuta ya taa," nikasema mwishowe. "Umelitoa wapi?"

"Sijui. Lilinitoka tu."

"Kama marahaba yangu."

Akacheka ndani ya sufuria. Kisha akalegea, mikono ikiwa na majivu hadi kwenye viwiko, akasema bila kuinua kichwa, "Nisogezee maji hayo, mama."

Hakujisahihisha. Sikumsahihisha. Nilisogeza ndoo.